Kujipyaisha kwa Taasisi: Nini Kibaki, Nini Kiachwe?

Katika stoo ya parokia moja tunayoifahamu kuna mashine za taipu kumi na mbili. Zimepangwa juu ya meza ndefu na kufunikwa kitambaa. Ukifunua na kubonyeza herufi, nyingi bado zinagonga vizuri. Ni mabaki ya chuo cha uhazili kilichoendeshwa na parokia hiyo kwa miaka mingi. Vijana walitoka vigango vya mbali, wakajifunza kuchapa, kuandika barua za kiofisi na kutunza mafaili, kisha wakapata kazi katika halmashauri, shule, hospitali na mashirika. Kwa familia nyingi za pale, chuo hicho ndicho kilichomfikisha mtoto wao wa kwanza kwenye kazi ya mshahara.

Kompyuta zilipoingia maofisini, wanafunzi walianza kupungua. Uongozi haukukaa kimya. Ulipunguza ada. Uliongeza saa za mazoezi ya kasi ili anayehitimu achape maneno mengi zaidi kwa dakika. Ulimleta fundi kila mwezi kuzikagua mashine. Hatua zote hizo zilichukuliwa kwa nia njema na kutekelezwa kwa bidii. Hata hivyo chuo kilifungwa, walimu wakaagwa kwa shukrani, na mashine zikafunikwa.

Tumeanza na chuo hicho kwa sababu kinaibua swali ambalo watafiti wa uongozi wa taasisi wamelishughulikia kwa miongo kadhaa: inawezekanaje watu wenye bidii, wanaoijua kazi yao, waifanye vizuri na bado waanguke? Swali hili linatuhusu. Frateri anayesoma falsafa leo, baada ya miaka michache atakabidhiwa parokia yenye shule, zahanati, ukumbi, mashine ya kusaga na pengine shamba. Mlei anayesoma makala haya huenda ni mjumbe wa kamati ya fedha au wa Halmashauri ya Walei. Wote wataamua nini kiendelee na nini kikome. Ni vema tujue tafiti zinasema nini kabla hatujafika mezani.

Maneno matatu ya kuelewa kwanza

Neno la kwanza ni kujipyaisha kimkakati. Mwaka 2009 watafiti Rajshree Agarwal na Constance Helfat walilieleza hivi kwa ufupi: ni taasisi kuburudisha au kubadilisha yale mambo yake ambayo yanaweza kuathiri kwa kiasi kikubwa mustakabali wake wa muda mrefu. Tuzingatie sehemu ya mwisho. Kupaka rangi jengo la zahanati si kujipyaisha kimkakati, hata kama ni jambo jema. Kuamua zahanati itahudumia nani, kwa huduma zipi na kwa fedha kutoka wapi, huko ndiko kujipyaisha kimkakati. Watafiti hao wanaongeza kwamba upyaisho waweza kuja kwa mshindo mmoja mkubwa au kidogo kidogo kwa hatua nyingi. Taasisi inayojipyaisha kidogo kidogo inaweza kupunguza uwezekano wa kulazimika siku moja kujibadilisha kwa maumivu makubwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Neno la pili ni wepesi wa kubadilika. Mtafiti Mholanzi Henk Volberda, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu taasisi nyumbufu, alionyesha kwamba wepesi huo una ngazi. Upo wepesi wa utendaji, mfano parokia inapoongeza Misa siku ya Pasaka kwa sababu waamini ni wengi. Upo wepesi wa muundo, mfano kigango kinapopewa kamati zake na mamlaka yake ili kisisubiri kila jambo kutoka parokiani. Na upo wepesi wa kimkakati, yaani kubadilisha lengo lenyewe la shughuli au njia kuu ya kulifikia. Taasisi nyingi zina ngazi ya kwanza, chache zina ya pili, na chache zaidi zina ya tatu. Chuo chetu cha uhazili kilikuwa na ngazi ya kwanza kwa wingi: ada ilipungua, saa ziliongezeka. Kilichohitajika kilikuwa ngazi ya tatu.

Neno la tatu ni ushindani. Hapa hatumaanishi ugomvi. Tunamaanisha uwezo wa taasisi kuendelea kuchaguliwa na watu ambao wana mahali pengine pa kwenda. Mzazi anayeipeleka ada yake kwenye shule ya parokia angeweza kuipeleka kwingine. Mgonjwa naye vivyo hivyo.

Kampuni mbili za picha

Mfano unaosomwa sana katika vyuo vya uongozi ni wa kampuni mbili zilizotengeneza mikanda ya picha: Kodak ya Marekani na Fujifilm ya Japani. Wengi wetu tunazo nyumbani picha za Komunyo ya Kwanza au za harusi ya wazazi zilizopigwa kwa mikanda hiyo, zile ambazo mpiga picha alikuambia urudi baada ya wiki ndipo uzione.

Mwanzilishi wa Kodak, George Eastman, alikuwa mtu wa kujipyaisha. Alianza kwa kutengeneza bamba za kioo za kupigia picha, kisha akahamia kwenye mkanda unaokunjwa, na mwaka 1888 akatoa kamera ambayo mtu wa kawaida angeweza kuitumia. Kampuni ilikua kwa kanuni rahisi: kamera iuzwe kwa bei ambayo wengi wataimudu, na faida itoke kwenye mkanda, karatasi na dawa za kusafishia picha, kwa maana vitu hivyo hununuliwa tena na tena. Kutengeneza mkanda wa rangi ni kazi ngumu ya kikemia, hivyo washindani walikuwa wachache. Kwa karibu karne nzima kanuni hiyo ilizaa matunda.

Mwaka 1975 mhandisi kijana wa Kodak, Steven Sasson, aliunda ndani ya kampuni hiyo hiyo kamera ya dijitali. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, picha yake ilikuwa na pikseli 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhiwa kwenye kaseti. Kwa hiyo si kweli kwamba Kodak haikuujua ujio wa dijitali. Iliuona kabla ya wengi. Mwaka 1981, baada ya Sony kuonyesha kamera isiyotumia mkanda, Kodak ilifanya uchunguzi wake wa ndani na kuona kwamba teknolojia mpya ingeweza kuchukua nafasi ya mkanda, lakini kampuni ilikuwa na takriban miaka kumi ya kujiandaa. Baadaye iliwekeza fedha nyingi katika kamera za dijitali na kuziuza kwa wingi nchini Marekani.

Ugumu ulikuwa mahali pengine. Kamera ya dijitali haikuhitaji mkanda, na vipuri vyake vingeweza kununuliwa na kampuni nyingi. Ile kuta ya ugumu wa kikemia iliyomlinda Kodak ilibomoka. Kisha simu za mkononi zikaja na kamera ndani yake. Januari 2012 Kodak iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake chini ya sheria ya ufilisi ya Marekani. Ilitoka katika hali hiyo mwaka 2013 ikiwa kampuni ndogo zaidi, na ipo hadi leo.

Fujifilm ilianzishwa mwaka 1934 na ilikabiliwa na tatizo lile lile. Mahitaji ya mikanda ya rangi duniani yalifika kileleni mwaka 2000. Miaka kumi baadaye yalikuwa chini ya moja ya kumi ya kiwango hicho. Wakati yanaanza kuporomoka, shughuli za picha zilikuwa zinaipa Fujifilm zaidi ya nusu ya mauzo yake. Kiongozi wake, Shigetaka Komori, aliagiza kazi moja ambayo tunaomba msomaji aizingatie: wahandisi wahesabu kila ujuzi walio nao, si kila bidhaa waliyo nayo, kisha waulize ujuzi huo unaweza kufanya kazi gani nyingine.

Majibu yalishangaza. Plastiki nyembamba iliyobeba mkanda wa picha ilikuwa ya jamaa moja na utando unaohitajika katika skrini bapa za televisheni na kompyuta. Kampuni ikapanua viwanda vya utando huo. Mkanda una jelatini, ambayo hutokana na kolajeni, na kolajeni ndiyo inayoshikilia ngozi ya binadamu. Kwa miaka mingi wakemia wa kampuni walikuwa wanapambana na picha kuchujuka kutokana na oksijeni. Ngozi nayo huzeeka kwa sehemu kutokana na uharibifu wa aina hiyo. Mwaka 2007 kampuni ya mikanda ikaanza kuuza vipodozi vya Astalift. Mwaka 2008 ikanunua kampuni ya dawa ya Toyama Chemical. Mwaka 2006 ilikuwa imeondoa hata neno linalomaanisha picha katika jina lake la zamani, Fuji Photo Film.

Tusiufanye mfano huu kuwa hadithi tamu. Upyaisho huo ulikuwa na gharama: mwaka 2006 kampuni ilitangaza kupunguza ajira zipatazo 5,000 katika shughuli za picha. Waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981 unaiweka kazi ya mtu mbele ya mtaji, na kwa hiyo msomaji Mkatoliki hawezi kuipita namba hiyo kana kwamba ni namba tu. Tutairudia hoja hii mwishoni.

Kwa nini nguvu hugeuka kuwa kifungo

Tukiziweka kampuni hizo mbili sambamba, tunaona kwamba zote zilikuwa na fedha, wataalamu na taarifa. Watafiti wamejaribu kueleza tofauti kwa njia kadhaa, na tatu kati yake zinatufaa.

Mwaka 1991 James March wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika kwamba kila taasisi inaishi kati ya kazi mbili. Ya kwanza ni kuvuna unachokijua tayari: kukiboresha, kukiharakisha, kukipunguzia gharama. Ya pili ni kutafuta usichokijua: kujaribu, kukosea, kugundua. Kuvuna kunaleta matokeo ya haraka na ya uhakika. Kutafuta kunaleta matokeo ya mbali na ya mashaka. Kwa sababu hiyo, taasisi ikiachwa ijiendeshe yenyewe huelemea upande wa kuvuna. Kila mwaka inakuwa bora zaidi katika jambo lile lile, na kila mwaka inapoteza uwezo wa kufanya jambo lingine. March alionya pia upande wa pili: anayetafuta daima bila kuvuna huishia na majaribio mengi ambayo hakuna hata moja lililokomaa. Chuo cha uhazili kilipoongeza mazoezi ya kasi, kilikuwa kinavuna shamba ambalo mvua ilikuwa imelihama.

Mwaka uliofuata, 1992, Dorothy Leonard-Barton alionyesha kwamba uwezo mkuu wa taasisi una upande wa pili, ambao ni ukaidi wake mkuu. Ujuzi, vifaa, taratibu na maadili yaliyoifanya iwe bora ndiyo yale yale yanayoizuia isione jambo jipya. Wakemia walioijenga kampuni ya mikanda ndio waliokuwa wakiheshimiwa, ndio waliopandishwa vyeo, na ndio waliosikilizwa. Mhandisi wa umeme mwenye kamera ya ajabu alikuwa mgeni nyumbani. Waswahili tunasema ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Watafiti wanatuambia sababu mojawapo: ikivuma, hakuna anayekagua ngozi yake.

Maelezo ya tatu ni ya Mary Tripsas na Giovanni Gavetti, waliochunguza kampuni ya Polaroid, ile ya picha za papo kwa papo, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2000. Waligundua kwamba wahandisi wa Polaroid walijifunza dijitali bila shida kubwa. Waliokwama ni viongozi wa juu, kwa sababu ya imani moja waliyokuwa wameizoea: kwamba faida hutoka kwenye mkanda, si kwenye kamera. Kila wazo jipya lililetwa mbele ya imani hiyo na kuhukumiwa kwayo. Mwaka 2001 Polaroid iliomba kinga ya ufilisi.

Tukijumlisha, tunapata jambo moja. Kinachoiangusha taasisi imara si lazima uvivu wala ujinga. Mara nyingi ni kuchanganya ujuzi wake na chombo ulimokaa ujuzi huo. Fujifilm iliulizwa wewe ni nani, ikajibu: sisi tunajua kemia ya tabaka nyembamba. Anayejibu kwamba yeye ni mtengenezaji wa mikanda, mkanda ukifa naye hufa.

Mikono miwili, lakini kichwa kimoja

Tukishakubali kwamba kuvuna na kutafuta vyote vinahitajika, tunakutana na methali inayotukatisha tamaa: mshika mawili moja humponyoka. Michael Tushman na Charles O'Reilly walilichukua tatizo hilo tangu mwaka 1996. Walichunguza taasisi zilizoweza kushika mawili, na wakaona zina mpangilio unaofanana. Kazi ya zamani na kazi mpya huwekwa katika vitengo tofauti, kila kimoja na watu wake na vipimo vyake, lakini vyote viwili hukutana kwa viongozi wakuu wanaovitaka vyote kwa dhati. Kitengo kipya kikiwekwa chini ya kile cha zamani, kitadaiwa matunda kabla hakijachipua. Kikiachwa mbali kabisa bila uhusiano, hakitafaidi ujuzi wa nyumba nzima.

Kwa lugha ya parokia: ukianzisha darasa la kompyuta na kumkabidhi mwalimu mkuu wa taipu kama kazi ya ziada ya Jumamosi, ukalipima kwa ada ya miezi mitatu ya kwanza, usishangae likifa. Ukiliweka kwenye jengo jingine chini ya mfadhili asiyemjua yeyote pale, utashangaa baadaye kwa nini halikurithi nidhamu iliyokifanya chuo kiaminike.

Volberda anatuongezea tahadhari. Katika uchambuzi wake kuna taasisi ngumu isiyoweza kugeuka, lakini kuna pia taasisi ya fujo, inayogeuka kila siku kwa sababu haina mhimili. Kila kiongozi mpya anakuja na mradi wake, anafuta wa mwenzake, na baada ya miaka kumi hakuna aliyejifunza chochote. Wengi wetu tumeshaona parokia ambapo banda la kuku la paroko wa kwanza likawa karakana ya wa pili na stoo ya wa tatu. Hayo hayastahili kuitwa wepesi wa kubadilika. Wepesi unahitaji kitu kisichobadilika ambacho mabadiliko yanakizunguka.

Mfano wa karibu na nyumbani

Mtu anaweza kusema mifano ya Marekani na Japani iko mbali nasi. Basi tutazame kitu kilichomo mfukoni mwa karibu kila msomaji wetu. M-Pesa haikuanza kama huduma ya kutumiana pesa. Majaribio yake nchini Kenya mwaka 2005 yalilenga mikopo midogo: mwanakikundi apokee mkopo na kulipa marejesho kwa simu. Upande wa mikopo ulikuwa na ugumu wake wa kihesabu. Lakini waendeshaji waliona watu wanaitumia huduma kwa mambo ambayo hawakuyapanga: kuwatumia jamaa pesa, kulipana kati ya wafanyabiashara, hata kuweka pesa salama wakati wa safari.

Waliokuwa na mpango mkononi wangeweza kusema watumiaji wanakosea. Badala yake waliubadilisha mpango. Machi 2007 Safaricom ilizindua huduma kwa ujumbe mmoja mwepesi, wa kutuma pesa nyumbani, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Huo ndio wepesi wa kimkakati: kumsikiliza mtumiaji hadi kukubali kwamba ameielewa bidhaa yako kuliko wewe. Leo parokia nyingi hupokea zaka na michango kwa njia hiyo.

Je, mambo haya yanalihusu Kanisa?

Hapa tunapaswa kuwa waangalifu. Kanisa si kampuni, waamini si wateja, na Injili haipimwi kwa soko. Fujifilm ingeweza kuacha mikanda yote na isikose chochote cha asili yake. Kanisa haliwezi kuacha imani yake likabaki Kanisa. Kwa hiyo hatuchukui tafiti hizi kama ufunuo. Tunazichukua kama chombo, jinsi tunavyochukua hesabu na uhandisi tunapojenga kanisa.

Hata hivyo, swali la nini kibaki na nini kiachwe si geni kwetu. Yohane XXIII alipoufungua Mtaguso wa Pili wa Vatikano tarehe 11 Oktoba 1962, alitofautisha amana ya imani na namna ya kuieleza. Matokeo yake tunayaishi kila Dominika: Misa kwa Kiswahili, na ngoma na kayamba katika nyumba ya Mungu.

Eneo letu nalo lilifanya upyaisho wa muundo ambao leo tumeuzoea kiasi kwamba hatuuoni tena. Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976 waliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Parokia ilikuwa kubwa, padre mmoja, vigango vingi, na mwamini aliweza kuugua hadi kufa bila jirani Mkatoliki kujua. Maaskofu hawakubadilisha sakramenti hata moja. Walibadilisha mahali ambapo Mkristo anajulikana kwa jina. Jumuiya ikawa mahali pa kusoma Neno, kumzika marehemu, kumsindikiza mchumba na kumpatia chakula mjane.

Lakini tafiti zinatuonya kwamba upyaisho wa jana unaweza kuwa ukaidi wa leo. Katika miji, jumuiya inayokutana asubuhi ya siku ya kazi huwapata wastaafu na akina mama wa nyumbani, huku kijana anayetoka kwenye bodaboda saa nne usiku akiandikwa mtoro. Tukisema yeye ndiye mwenye kosa, tunafanya lile ambalo waendeshaji wa M-Pesa walikataa kulifanya. Lengo la jumuiya, Mkristo ajulikane na ashiriki, linabaki. Saa ya kukutana ni chombo.

Maswali ya kupeleka kwenye kikao

Kutokana na yote tuliyoyaeleza, tunapendekeza maswali manne kwa parokia, shule au chama chochote kinachotaka kujikagua.

Kwanza, sisi tunajua nini? Tuorodheshe ujuzi, si majengo na vifaa. Masista wa zahanati wanaweza kugundua kwamba wanachokijua kuliko wote katika tarafa nzima ni kumfuatilia mgonjwa nyumbani kwake, wala si kile kipimo walichokinunua mwaka juzi.

Pili, faida au baraka tunayoitegemea leo inatoka wapi, na nini kitatokea ikikatika? Parokia yenye ukumbi mmoja wa harusi unaolipia kila kitu inapaswa kujiuliza swali hili kabla kumbi za watu binafsi hazijafunguliwa jirani.

Tatu, kuna nani anayetafuta? Kama watu wote, muda wote na fedha zote viko katika kuvuna, hata fungu dogo lililotengwa kwa majaribio, lenye mtu wake na muda wa kutosha, ni mwanzo.

Nne, ni nini hatutakibadilisha kamwe? Bila jibu la swali hili, majibu ya yale matatu yatatupeleka kwenye fujo.

Tunaongeza la tano, ambalo watafiti wengi huliweka pembeni lakini sisi hatuwezi: nani ataumia, na tutatembea naye vipi? Mabadiliko yanayofanyika mapema yanaacha muda wa kumfundisha upya mfanyakazi. Yanayofanyika kwa kuchelewa humwacha mtu na barua ya shukrani mkononi.

Hitimisho

Turudi kwenye ile stoo. Mwalimu wa mwisho wa chuo cha uhazili alikuwa mama mmoja ambaye wanafunzi walimwogopa kwa sababu ya kalamu yake nyekundu. Alijua barua kwa mkuu wa wilaya inaanzaje, kumbukumbu ya faili inaandikwa wapi, na kwa nini neno moja likikosewa tahajia linaweza kumnyima mtu haki yake. Alipoagwa, alikopa, akanunua kompyuta moja na printa, akafungua duka la steshenari karibu na ofisi ya kata. Leo watu wanapanga foleni pale kuandikiwa barua, kujaziwa fomu za mikopo ya wanafunzi na kusahihishiwa maombi ya kazi. Vijana wawili wanajifunza kazi kwake.

Chuo hakikufa, basi. Kilihama na mwalimu wake, kwa mkopo wa mwalimu mwenyewe. Ujuzi uliokuwa hazina ya parokia ulitoka langoni siku ile ya kuagana, na parokia ikabaki na mashine, ikazifunika vizuri zisiingie vumbi.

Hatuandiki haya kuwalaumu waliotutangulia. Waliokuwepo walifanya walichokijua, na walikifanya vema. Tunayaandika kwa sababu zamu yetu inakuja, na sisi pia tutapewa taasisi zenye mashine nzuri. Siku hiyo kabla hatujauliza mashine ziwekwe wapi, tuulize mwalimu anakwenda wapi.